Manamba Walipumzika Wapi?

Muhula mmoja, nikifundisha mada ya uchumi wa mkonge, mwanafunzi wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hawa manamba siku ya Jumapili walikuwa wanafanya nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, nikamjibu kwa sentensi mbili za juu juu, kisha nikarudi kwenye takwimu za mauzo ya nje. Jioni ile swali lake lilinirudia, nikakiri moyoni kwamba sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwafundisha vijana habari za watu waliofanya kazi, bila hata mara moja kuwaonesha watu hao wakiwa wamekaa.

Swali hilo ndilo lililonipeleka Mnyuzi, wilayani Korogwe. Msomaji anayesafiri kwa basi kati ya Segera na Korogwe huenda asiijue, lakini historia ya reli yetu haiwezi kuiruka. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na Mnyuzi ipo katika kipande kilicho baina ya miji hiyo miwili. Mwaka 1963 njia mpya kutoka Ruvu ilikuja kuungana na reli ya Tanga katika eneo hilo hilo, na kwa mara ya kwanza Reli ya Kati na reli ya kaskazini zikashikana mikono. Katika mwaka ule ule wa 1893 ndipo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Reli na mkonge, basi, ni ndugu waliozaliwa mwaka mmoja, na wote wawili walihitaji mikono ya watu.

Mikono hiyo ilitoka mbali: Unyamwezi, Uha, Ubena, Burundi, na kwa Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma. Jina lenyewe "manamba" latokana na namba aliyopewa mtu alipoandikishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo cha kuwakusanya, ambacho watu walikiita Silabu. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi iliyopaswa kujazwa siku 30 za kazi ndipo mtu alipwe. Tulitafakari hilo kidogo. Siku ambayo mtu hakwenda shambani haikuandikwa popote. Katika kumbukumbu za mwajiri, siku ya mapumziko ilikuwa siku tupu, kama kwamba mtu huyo hakuishi.

Hata hivyo, mapumziko ya manamba yaliwashughulisha sana wakubwa. Leslie Notcutt, Mwingereza aliyepata kusimamia mashamba ya mkonge Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, alifikia wazo kwamba sinema shambani ingewafanya wafanyakazi waridhike na kutulia. Wazo lake lilikuja kukutana na la Mmarekani J. Merle Davis, mtafiti wa jumuiya za kimisionari, aliyekuwa amechunguza athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika maisha ya Waafrika. Kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa katika shirika la Carnegie la Marekani, ukaanza mwaka 1935 mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa wapi? Hayakuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Vugiri, juu ya milima ya Usambara, wilaya hii hii ya Korogwe.

Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa, na waigizaji wake walikuwa Waafrika. Lori lilizibeba kuzionesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine kadhaa. Mada zake zatosha kueleza kusudi: kodi, minyoo ya safura, kilimo, na faida ya kuweka fedha benki ya posta badala ya kuzifukia ardhini. Siwadhihaki waliozitengeneza. Safura iliua watu, na fedha zilizofukiwa ziliibwa kweli. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri aliketi jioni kutazama picha, akakuta picha nayo inamwamuru. Burudani iliandaliwa ili imrudishe kazini akiwa mtulivu na mtiifu zaidi.

Manamba, kwa upande wao, walikuwa na burudani zao ambazo hakuna aliyewapangia. Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Huko Tanga na pwani yote kulikuwa na beni, vyama vya ngoma vilivyoiga gwaride na tarumbeta za wazungu, vikajipa vyeo na vikashindana vikali. Marini na Arinoti ndivyo vilivyovuma kuliko vyote, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watawala walivitazama kwa mashaka, wakijiuliza kama nyuma ya ngoma kulikuwa na siasa. Swali lao halikuwa la kipumbavu. Watu wanaoweza kuchagua viongozi wao, kukusanya michango na kuzikana, wanaweza pia kuendesha mambo mengine. Baadaye likaja dansi. Jamhuri Jazz ya Tanga, ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka kwa mapenzi, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Katika jina hilo imo njia nzima kutoka Tabora hadi mashamba ya mkonge. Watu walioletwa kama namba waliunda bendi, nchi nzima ikacheza.

Uhuru ulipokuja, wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Mwaka 1964 uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele cha takriban tani 230,000. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na kamba za nailoni zilikuwa zimekwisha kuanza kuporomosha bei. Kambi zikapungukiwa watu, na pamoja na kambi zikaondoka ngoma za mwisho wa mwezi na timu za mashamba. Tumeandika sana kuhusu ajira zilizopotea. Kuhusu jioni zilizopotea hatujaandika kitu.

Nilikaa Mnyuzi siku mbili. Mzee mmoja aliyenikaribisha barazani kwake nilimuuliza swali la mwanafunzi wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunacheza. Wewe ulidhani tulikuwa tunalala tu?" Jioni nilitembea. Vijana walikuwa wamejazana katika kibanda umiza kutazama mpira wa Uingereza, wengine wakikokotoa mikeka yao ya kubeti kwenye simu. Treni ya abiria ya kaskazini ilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, lakini mgeni anayeteremka hapa hana pa kuketi isipokuwa baa. Viongozi wetu huwakemea vijana wanaocheza bao asubuhi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza wacheze wapi jioni.

Hapo ndipo ninapoona urithi wa Vugiri ungali nasi. Wanaopanga miji midogo huhesabu zahanati, shule, soko na kituo cha polisi, na wanafanya vyema. Uwanja, ukumbi, maktaba na bustani huonekana anasa ya kusubiri bajeti ya mwaka ujao, na kiwanja cha mpira ndicho cha kwanza kukatwa vipande ardhi inapopanda bei. Hata msemo wetu wa "kazi na dawa" huyafanya mapumziko kuwa tiba ya kumrudisha mtu kazini. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linayataja mapumziko kuwa ni haki. Halimtaki mtu athibitishe kwanza kwamba yataongeza tija.

Mwanafunzi wangu sasa amehitimu. Kama anasoma makala haya, namwomba radhi kwa kicheko changu, na jibu lake ni hili: walicheza, na waliwatafutia mahali wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewapa. Wajukuu wao wana serikali yao. Hawapaswi kuambiwa wajitafutie kama babu zao.