Rangi Nyekundu Kwenye Pampu

Utando wa kuchuja aseniki husifiwa siku hizi kana kwamba ndio uliokuwa ukisubiriwa Bangladesh. Tarehe zenyewe zinakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko California, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walikuwa wamekwisha kutengeneza utando wa kuondoa chumvi katika maji, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kuutumia. Kampeni ya visima vya bomba, iliyosukumwa na serikali ya Bangladesh pamoja na UNICEF, ilishika kasi miaka ya 1970. Chombo, basi, kilikuwapo kabla ya maafa ya visima hivyo kunywesha watu aseniki. Aliyekosekana ni mtu wa kuyapima maji. Nia ilikuwa njema, maana maji ya madimbwi yalikuwa yakiua watoto kwa kuhara, na ya kisimani yalitoka maangavu. Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Wapo watakaosema hakuna aliyeweza kuishuku. Kwa miaka ya 1970 nakubali. Lakini mapema miaka ya 1980 madaktari wa Kolkata, ng'ambo ya mpaka tu, walikwisha kuyaona madoa ya ngozi na viganja vilivyoota sugu kwa wanywaji wa visima vya aina hiyohiyo, dalili za sumu ya aseniki, na Bangladesh ikathibitisha kuwapo kwa sumu hiyo visimani mwake mwaka 1993.

Utando nao haumwokoi asiyepima. Aseniki ya visima hivi kwa kiasi kikubwa haina chaji ya umeme, hivyo hupenya kwa urahisi pale ambapo ile yenye chaji huzuiwa. Inafaa maji yatiwe klorini kwanza ili aseniki ibadilike kuwa ile yenye chaji, kisha klorini iondolewe kwa kuwa tando nyingi huharibiwa nayo. Tena yapo maji ya masazo, yenye sumu iliyokolea zaidi, nayo lazima yamwagwe mahali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu visima milioni 5 vya Bangladesh vilipimwa, na takriban milioni 1.4 vyenye aseniki kupita kiasi vikapakwa rangi nyekundu. Vilivyo salama vikapakwa kijani. Rangi si tiba, na palipokuwa pekundu kijiji kizima haikumpa mtu pa kukimbilia. Hapo mtambo wa kuchuja una hoja. Kwingineko familia nyingi zilihamia pampu ya kijani ya jirani, bila umeme wala kipuri. Kisha mvua zikaifuta rangi, na watu wakaendelea kuchimba visima vipya ambavyo havikupakwa rangi yoyote.