Kusubiri upasuaji mkubwa wa mishipa ya damu: maandalizi ya nyumbani kwa msaada wa simu

Kutoka vijiji vya wavuvi vya Nyumba ya Mungu hadi hospitali inayofanya upasuaji mkubwa ni safari ndefu. Mgonjwa wa Lang'ata au Kagongo huelekea Moshi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC. Wengine hupewa rufaa ya mbele zaidi, zaidi ya kilomita 500, hadi Dar es Salaam iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Isipokuwa hali yake ni ya dharura, akishapimwa hurudi nyumbani akiwa na tarehe ya upasuaji mkononi. Kati ya siku hiyo na tarehe hiyo zinaweza kupita wiki kadhaa.

Makala hii inahusu wiki hizo. Wengi huziona kuwa ni muda wa kukaa na kungoja tu. Ukweli ni kwamba zimo ndani ya matibabu, na mgonjwa anaweza kuzitumia kuufanya mwili wake uvumilie kisu. Kwa sababu nauli ya kwenda kliniki kila wiki ni mzigo, tunaeleza pia namna simu, hata ile ndogo ya vitufe, inavyoweza kumsaidia.

Ni upasuaji gani tunaouzungumzia?

Mishipa ya ateri hutoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini. Ikiziba au ikitanuka, kiungo kinachotegemea damu hiyo huingia hatarini. Upasuaji mkubwa ni wa aina hizi:

- Kurekebisha aota, yaani mshipa mkuu unaoshuka kutoka kwenye moyo hadi tumboni, pale unapotanuka kama mpira wa baiskeli uliodhoofika. Ukipasuka, mtu hupoteza damu nyingi kwa muda mfupi.
- Kutengeneza njia mpya ya damu mguuni, pale mshipa ulipoziba. Dalili yake ya mwanzo ni maumivu ya misuli ya mguu unapotembea, yanayotulia ukisimama.
- Kusafisha mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, ili kuzuia kiharusi.
- Kukata mguu au sehemu ya mguu, pale damu isipoweza kurudishwa au kidonda kimeoza.

Wagonjwa wengi wa aina hizi wana kisukari, shinikizo la damu, au wamevuta sigara kwa miaka mingi. Kwa hiyo mara nyingi moyo, mapafu na figo navyo vimechoka. Hapo ndipo hatari ya upasuaji ilipo. Fundi anaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, kisha mgonjwa akapata nimonia au moyo ukashindwa siku ya tatu.

Je, maandalizi yanasaidia kweli?

Mwaka 2016 madaktari wa Hull, Uingereza, walichapisha matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 124 waliokuwa wakisubiri kurekebishwa aota ya tumboni. Nusu yao walifanya mazoezi kwa wiki 6 chini ya usimamizi, nusu wakasubiri kwa kawaida. Baada ya upasuaji, waliopata matatizo ya moyo, mapafu au figo walikuwa 14 kati ya 62 waliofanya mazoezi, na 26 kati ya 62 wasiofanya.

Hao walifanya mazoezi mbele ya wataalamu, hawakuelekezwa kwa simu. Hata hivyo, hasa tangu ugonjwa wa Korona ulipofunga kliniki mwaka 2020, hospitali za nchi kadhaa zimeanza kuwafuatilia wagonjwa nyumbani kwa simu na video. Simu haimpi mtu pumzi wala nguvu. Kazi yake ni kumkumbusha, kumsahihisha na kumtahadharisha mapema.

Kabla ya kutoka kliniki

Usiondoke na tarehe peke yake. Omba uandikiwe kwenye daftari au kadi yako:

1. Jina la ugonjwa na jina la upasuaji.
2. Namba ya simu ya kliniki, na saa zinazofaa kupiga.
3. Mazoezi unayoruhusiwa na usiyoruhusiwa.
4. Dawa za kuendelea nazo, na za kusimamisha siku ipi.
5. Dalili zinazokutaka uje haraka bila kusubiri tarehe.

Kama huoni vizuri au hujui kusoma, nenda na kijana wa nyumbani awe msaidizi wako. Namba yake iandikwe pia kwenye faili. Mkichagua mtu, chagueni aliye na chaji na mtandao muda mwingi, si lazima awe mkubwa wa familia.

Pangeni siku moja ya wiki ya kutoa taarifa. Siku moja kabla, mgonjwa apite zahanati kupima presha, sukari na uzito. Kisha taarifa iwe fupi, hata kwa ujumbe mfupi wa maandishi: presha ngapi, sukari ngapi, uzito, dakika alizotembea kwa siku, kama amevuta, na kidonda kinaendeleaje. Taarifa sita za namna hiyo zinamfaa daktari kuliko salamu ndefu ya dakika kumi.

Mwenye simu ya kupiga picha anaweza kupiga kidonda mchana, kwenye mwanga, akaituma kwenye namba ya kliniki tu. Isitumwe kwenye kundi la ukoo. Na akipiga mtu usiyemjua akisema ni daktari na anataka pesa ili "akusogezee tarehe", usitume. Malipo ya hospitali hufanyika kwa utaratibu wa hospitali na hupewa risiti.

Ukikosa wa kumuuliza, Wizara ya Afya ina namba 199 isiyo na malipo kwa ushauri wa afya.

Mazoezi kulingana na ugonjwa

Hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu zoezi linalomfaa mmoja linaweza kumdhuru mwingine.

Mwenye mshipa ulioziba mguuni, asiye na kidonda, hufaidika kwa kutembea. Atembee hadi maumivu yawe ya kati, asimame mpaka yaishe, kisha aendelee. Jumla iwe kama dakika 30, angalau siku 3 kwa wiki. Maumivu hayo ya misuli hayamaanishi mguu unaharibika. Aliye Usangi, Ugweno au Suji aanzie sehemu tambarare, kama uwanja wa shule, kabla ya kuingia kwenye miteremko.

Mwenye kidonda kwenye wayo, au mguu unaouma hata akiwa amelala, asiutembelee kwa mazoezi. Afanye akiwa ameketi: kunyanyua mikono, kunyoosha na kukunja goti la mguu mzima.

Mwenye aota iliyotanuka atembee taratibu kwa kiasi alichoambiwa na daktari. Asivute nyavu, asisukume mtumbwi, asibebe ndoo ya maji wala gunia. Kazi ya kukaza tumbo na kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Wana na majirani wamwelewe: kumpokea kazi hiyo ni sehemu ya kumtibu.

Kwa karibu kila mmoja, zoezi la pumzi linafaa. Kaa wima, vuta hewa polepole kwa pua hadi kifua kijae, toa taratibu kwa mdomo. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ndilo utakaloambiwa ulifanye ukiwa wodini baada ya upasuaji, hivyo ni vizuri ulizoee mapema.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, acha mara moja na utoe taarifa.

Sigara, ugoro na pombe

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha kuvuta sigara wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo. Sigara hubana mishipa, hupunguza hewa safi kwenye damu na huchelewesha kidonda kupona. Ugoro nao una nikotini, usihesabiwe kuwa ni nafuu.

Siku za kwanza za kuacha ndizo ngumu zaidi. Mwombe mtu mmoja akupigie simu kila jioni katika wiki ya kwanza, na wenzako wa kambini waache kukukaribisha. Kuhusu gongo, dengelua na pombe nyingine, mweleze daktari ukweli wa kiasi unachokunywa. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla bila ushauri, kwa sababu anaweza kupata kifafa au kuchanganyikiwa.

Chakula

Kidonda hujengwa kwa protini. Wakazi wa kandokando ya bwawa wana bahati ya perege na kambare, na milimani kuna maharage, kunde, maziwa na mayai. Makande ni chakula kizuri kwa maandalizi, yakipikwa na maharage mengi na mafuta kidogo. Ongeza mchicha au mboga nyingine za majani, na matunda.

Chumvi ndiyo ya kuangalia. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe, au waachwe kwa muda. Magadi ya kulainishia maharage nayo huongeza sodiamu mwilini, kama chumvi. Mwenye kisukari apunguze kiasi cha ugali na wali, aache soda na chai ya sukari nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri wake mwenyewe, maana protini na baadhi ya matunda huwekewa kipimo.

Omba pia kupimwa wingi wa damu mapema. Upungufu wa damu uliogunduliwa wiki 4 kabla unaweza kutibiwa. Ukigunduliwa asubuhi ya upasuaji, tarehe huenda ikaahirishwa na nauli ikawa imepotea.

Dawa na miguu

Usiache dawa ya presha, kisukari, mafuta ya damu au aspirini kwa sababu umesikia unakwenda kupasuliwa. Baadhi husimamishwa, nyingine huendelea hadi asubuhi ya siku yenyewe, na anayeamua ni daktari. Kama unatumia miti shamba, itaje bila aibu. Baadhi ya mitishamba huzuia damu kuganda au hugongana na dawa ya usingizi.

Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, au mjukuu amkaguzie. Asitembee pekupeku ufukweni, ambako mwiba wa samaki unaweza kuingia asiusikie. Asikande mguu kwa maji ya moto wala kuuweka karibu na jiko, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi huungua bila kuuma.

Hofu na maandalizi ya familia

Kuogopa ni kawaida. Linalosumbua wengi ni kukatwa mguu. Muulize daktari waziwazi: kuna njia ya kurudisha damu? Nikikataa kitatokea nini, na baada ya muda gani? Kikao cha ukoo kifanyike mapema, na daktari akiweza azungumze nao kwa simu yenye sauti ya nje, ili mjomba aliye mbali asije akapinga uamuzi mgonjwa akiwa tayari wodini. Neno la mwisho ni la mgonjwa mwenyewe.

Pangeni pia ndugu watakaochangia damu, nauli ya kwenda na kurudi, atakayekaa na mgonjwa Moshi au Dar es Salaam, na kadi ya bima kama ipo, mkihakikisha haijaisha muda.

Dalili ambazo hazisubiri simu

Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja, na upige simu ukiwa njiani, ukiona:

- Mguu au mkono umekuwa wa baridi ghafla, umepauka, unauma sana au hauna hisia. Hapa saa zinahesabika.
- Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na jasho au kuzirai, kwa mwenye aota iliyotanuka.
- Uso kupinda, mkono kulegea, au maneno kutotoka vizuri, hata kama vimepita baada ya dakika chache.
- Kidonda chenye usaha, harufu au weusi unaosambaa, pamoja na homa.

Walio vijijini wajue tangu leo ni bodaboda au gari la nani litakalopatikana usiku, na namba yake iwe kwenye simu ya zaidi ya mtu mmoja.

Siku mbili za mwisho

Pigia kliniki kuthibitisha tarehe kabla ya kupanda gari. Uliza saa ya mwisho ya kula na ya kunywa maji, na uifuate hata kama shangazi amepika. Tumboni kukiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni wakati wa usingizi. Beba daftari lako, dawa zote katika mfuko mmoja na majibu ya vipimo. Kama umepata homa, kikohozi au jipu, sema kabla ya kusafiri.

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyepewa tarehe, msomee makala hii jioni ya leo, kisha chagueni pamoja siku ya wiki mtakayopiga simu ya kwanza.