Bakuli za Kichina katika Nyumba ya Watawa

Msimu wa harusi ukifika, gumzo haliishi vyombo. Bi harusi aingie na seti gani, nani anunue, na Mungu atuepushe, mambo yakiharibika, kabati lile ni la nani? Leo tunalipeleka swali hilo mbali, Coimbra nchini Ureno, kwenye nyumba ya wanawake ambao hawakuolewa kabisa. Vyombo vyao vimefukuliwa ardhini, na vina mengi ya kusema.

Nyumba hiyo inaitwa Santa Clara-a-Velha, ukingoni mwa mto Mondego. Ilianzishwa mwaka 1283 na Bi Mor Dias, mwanamke mwenye uwezo wake. Watawa wanaume wa Santa Cruz, jirani tu hapo, wakadai kwamba yeye na mali yake ni wao. Ugomvi ukawa mrefu, yeye akafariki, nyumba ikafungwa. Mwaka 1314 Malkia Isabel akaifufua, na mwaka 1330 kanisa jipya likazinduliwa. Mwaka uliofuata, 1331, mto ukaingia ndani. (Ndio mwaka huohuo Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa. Tumependa tu kuziweka tarehe hizo pamoja.)

Mto haukukoma. Watawa wakawa wanainua sakafu, maji nayo yanapanda. Wakajenga ghorofa ndani ya kanisa ili wapate pa kusali pakavu. Waliishi hivyo zaidi ya miaka 300, mpaka 1677 walipohamia kilimani. Huku chini tope likafunika kila kilichovunjika na kutupwa. Uchimbaji ulipoanza mwaka 1995, ilibidi maji yavutwe kwa pampu kwanza.

Vigae vilivyotoka humo vimetoka katika maisha ya kila siku. Kuna vyungu, mitungi na bakuli za udongo mwekundu wa kwao, vyombo vya jikoni vya kawaida ambavyo bibi zetu wangevitambua bila kuelezwa. Lakini kati yake kuna kaure ya China ya enzi za Ming, nyeupe yenye michoro ya buluu, na si kigae kimoja wala viwili.

Hapo ndipo tuliposimama. Watawa hawa ni wafuasi wa Clara wa Assisi, na Clara aliifanya nyumba yake ya ufukara. Kaure ya China imefikaje mezani kwa mafukara?

Jibu la kwanza ni mahari, lakini si kama yetu. Ulaya ya wakati ule, baba wa msichana ndiye aliyetoa mali kumpa bwana harusi. Mwenye mabinti wanne au watano alikuwa na mzigo mzito. Nyumba ya watawa nayo ilitaka mali ya kumpokelea binti, ila kwa kawaida ilikuwa ndogo kuliko ya ndoa. Basi mmoja au wawili wakaolewa, na waliobaki wakapelekwa utawani. Wengine walikwenda kwa mapenzi ya ibada, hatuwezi kuwavunjia heshima hao. Wengine hawakuulizwa. Kanuni iliyotolewa na Papa mwaka 1263 iliziruhusu nyumba za Clara kumiliki mali kwa pamoja, hivyo mali aliyokuja nayo binti iliingia katika nyumba.

Jibu la pili ni bahari yetu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi India. Baada yake merikebu za Kireno zikawa zinapita Kisiwa cha Msumbiji kwenda na kurudi, na zikirejea Lisbon zilibeba pilipili, vitambaa na kaure. Bakuli iliyovunjikia Coimbra ilizunguka Afrika nzima kabla ya kuwekwa mezani.

Na huku kwetu kaure haikuwa ngeni hata kidogo. Karne kadhaa kabla ya Mreno, vyombo vya Kichina vilikuwa vikiletwa na biashara ya pepo za msimu. Kule Gedi kuna nyumba ambayo wachimbaji waliiita Nyumba ya Bakuli ya Kaure kwa kilichopatikana ndani. Kunduchi bakuli zilijengewa kwenye nguzo za makaburi. Lamu zilipangwa kwenye zidaka, mgeni akikaa azione. Bibi wa Lamu na mtawa wa Coimbra wangeweza kubishana bei ya sahani na wakaelewana.

Kaure ilikuwa ghali, kwa hiyo wafinyanzi wa Ureno, wa Coimbra wakiwemo, wakaanza kuiiga: udongo wa kawaida, rangi nyeupe juu, maua ya buluu. Vyombo hivyo pia vikaingia utawani. Katika nyumba kadhaa za watawa za Ureno vimepatikana vingine vimeandikwa jina la mtawa mwenyewe. Sisi jambo hili limetugusa kuliko kaure yote. Mwanamke ambaye mali yake ilitolewa na baba na kupokelewa na nyumba, yeye mwenyewe amebaki na sahani moja, na anataka ijulikane ni yake.

Kwetu mahari hutoka kwa mume na ni ya mke mwenyewe, si ya baba, wala si ya nyumba anayoingia. Tunajua hivyo vizuri sana, lakini harusi ngapi tumehudhuria ambapo bi harusi hakujua hata ni kiasi gani, kwa kuwa kilipokelewa na kutumika kabla hajaambiwa?

Mwaka 1677 watawa walipopanda kilimani waliuchukua mwili wa Malkia Isabel pamoja nao. Vilivyovunjika wakaviacha topeni. Vingi sasa viko katika jumba la maonyesho lililofunguliwa mwaka 2009 pembeni ya magofu, vimeungwa kipande kwa kipande.