Himoglobini S

Himoglobini S ni aina ya himoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayosafirisha oksijeni kutoka mapafuni, ambayo asidi amino ya sita katika mnyororo wake wa beta imebadilika: asidi glutamiki imeipisha valini. Oksijeni ikipungua, molekuli za himoglobini hii hushikamana na chembe hupinda kama mundu. Aliyerithi jeni ya himoglobini S kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, maradhi ya maumivu makali mno. Kwa nini basi jeni yenyewe haikutoweka?

Jibu lenye nguvu zaidi lilitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa waliorithi nakala moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria. Jeni ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, haba nyanda za juu. Huenda ikadaiwa kuwa hiyo ni tofauti ya nasaba tu. Lakini jamii za lugha zisizohusiana, zikikaa penye malaria nyingi, nazo zilikuwa na jeni hiyo kwa wingi. Kinga yenyewe si kamili: mwenye nakala moja bado huambukizwa, na kwa mgonjwa wa selimundu malaria ni hatari kubwa, hivyo huhitaji dawa za kuizuia.