Mji Mkongwe wa Zanzibar na sehemu yetu ndani yake

Tunapofundisha historia ya Maniema, tunawatajia wanafunzi Nyangwe na Kasongo, tunawatajia pembe na minyororo, kisha tunasimama kwenye ziwa Tanganyika, sawa vile njia iliishia majini. Kumbe njia ilivuka ziwa, ikapita Ujiji na Tabora, ikafika Bagamoyo, na mwisho wake ulikuwa mtaa wa mawe kule Zanzibar. Mtaa ule ungali unasimama. Ndiyo maana tumeona vema kuueleza hapa.

Manyumba mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa katika karne ya 19, wakati Uingereza ilikuwa na malkia Victoria na Zanzibar ilikuwa na masultani wenye asili ya Oman. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinashikwa na boriti za mikoko, milango ni ya mbao iliyochongwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa, na Waanglikana wakajenga kanisa lao palepale. Mwaka 1883 Barghash akajenga jumba kubwa la Beit al-Ajaib. Na katika Shangani kuko nyumba ya Hamed bin Muhammed, yule wazee wetu walimuita Tippu Tip, aliyetawala Kasongo na ambaye mfalme Léopold II alimpa ugavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Alikufa Zanzibar mwaka 1905.

Basi mtu anaweza kuuliza: juu ya nini sisi Wakongomani tusikitikie manyumba yaliyojengwa kwa pembe za kwetu na jasho la wabebaji wetu? Si afadhali yaanguke? Tunajibu hapana. Nyumba ikianguka, mwenye kosa anasahauliwa, na aliyebeba mzigo anasahauliwa pamoja naye.

Na kuanguka si maneno tu. Baada ya mapinduzi ya 1964 manyumba mengi yalichukuliwa na serikali, familia nyingi zikapanga pamoja, na hakuna aliyejiona mwenye kutengeneza paa. Maji yakiingia, chokaa inalegea na boriti zinaoza. Tena ukipaka saruji, unyevu unafungwa ndani na ukuta unazidi kuharibika. Mwaka 1985 serikali iliunda mamlaka ya kuhifadhi mtaa huo, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilibomoka wakati wa matengenezo, watu wawili wakafa.

Kuko jambo lingine. Ng'ambo ya hori, katika manyumba ya udongo na makuti, waliishi watumwa, walioachwa huru na watu wa bara, Wamanyema wakiwemo. Mtaa ule unaitwa Ng'ambo mpaka leo. Jina lililoandikwa mwaka 2000 ni la Mji Mkongwe, si la Ng'ambo. Jiwe linahifadhiwa, udongo unasahauliwa.

Sisi tuko watu wa udongo. Kasongo ya zamani ilitekwa na majeshi ya Léopold mwaka 1893, na manyumba yake hayakudumu kama yale ya Shangani. Kilichobaki kwetu ni mpunga mashambani, misikiti, na hii lugha tunayoandikia. Hivyo havihitaji chokaa, lakini vinahitaji kusimuliwa na historia yake yote: nani alileta, nani alilazimishwa, nani hakurudi. Wazee wanaojua njia za misafara na majina ya vijiji vilivyohamishwa wanapungua kila mwaka. Kila mwalimu awatume wanafunzi wake kwao na daftari, mvua ya mwaka huu isijanyesha.