Ubanaji wa Data na Simu za Kulamawe
Ubanaji wa data, yaani kupunguza ukubwa wa taarifa zinazohifadhiwa au kutumwa, ulipata msingi mpya mwaka 1977, Abraham Lempel na Jacob Ziv walipochapisha mbinu ya kuelekeza nyuma, kwenye maneno yaliyokwisha kutokea, badala ya kuyarudia. Kwa kuwa mbinu hiyo hudai kumbukumbu ya kuhifadhia yaliyopita, vifaa vidogo viliibeba kwa taabu. Ujumbe mfupi wa simu wenyewe hufuata njia nyepesi zaidi: herufi 160, kila moja ya biti 7, hushonwa pamoja ndani ya baiti 140. Kwa ujumbe wa namna hiyo M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyozinduliwa Machi 2007, humthibitishia mfugaji wa Kulamawe, kaunti ya Isiolo nchini Kenya, malipo ya mbuzi wake kwenye simu isiyo na intaneti.