Kinanda Chetu cha Kale na Sauti Iliyopotea

Katika kitabu hiki cha jubilii tumewakumbuka waasisi, walimu wetu na safari zetu. Historia hiyo haitakamilika bila kutaja kinanda kilicho karibu na mimbari, Roland JX-8P.

Kinanda cha aina hii kilitoka Japani mwaka 1985. Sisi tulikinunua kikiwa kimetumika, kwa harambee ya wanakwaya. Kina funguo 61, lakini hutoa noti sita tu kwa wakati mmoja; ukibonyeza ya saba, mojawapo hukatika. Sauti zake hutengenezwa kwa umeme wa analogi: mawimbi hupita kwenye kichujio kinachopunguza ukali, kisha kwenye korasi, inayofanya sauti moja isikike kama kundi zima.

Ugumu ulikuwa kukipanga. Unachagua kipimo kimoja kwa nambari, unasogeza kitelezi, kisha unarudi kuchagua kingine. Roland waliuza kando kisanduku cha PG-800 chenye vitelezi vingi, lakini sisi hatukuwahi kukipata. Hivyo mpiga kinanda wetu wa kwanza alibaki kanisani baada ya ibada, nambari baada ya nambari, mpaka akapata ile sauti laini tuliyosindikizia wapendwa wetu. Aliihifadhi ndani ya kinanda. Hakuiandika popote.

Alipolala, tulimwimbia kwa sauti hiyohiyo.

Miaka ikapita, na betri ndogo inayolinda kumbukumbu ikaisha. Sauti 64 za kiwandani zilibaki, lakini nafasi 32 tulizojaza wenyewe zilifutika. Baadhi yetu tulisema kinanda kiuzwe. Akina mama wa sauti ya pili wakakataa katakata.

Kilichotuokoa ni MIDI, lugha ya ala za umeme iliyoanza mwaka 1983 kwa juhudi za watu kama Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, ili vyombo vya kampuni tofauti vielewane. JX-8P inaielewa. Fundi alibadilisha betri. Vijana wakaleta kidhibiti cha kisasa chenye vitufe vya kuzungusha, wakakiunganisha kwa waya mmoja, na kila kitufe wakakipa kipimo chake. Kazi ya nambari nyingi ikawa kazi ya vidole.

Lakini vidole vilihitaji masikio. Jumamosi moja akina mama waliketi mbele, kijana akazungusha.

"Bado ni kali," wakasema. Akafunga kichujio kidogo.

"Inaanza kwa haraka. Yake ilikuja polepole, kama mtu anayevuta pumzi." Akarefusha mwanzo wa sauti.

Jua likielekea kuzama, mama mmoja alianza kuimba bila kuambiwa, na wengine wakamfuata. Kijana akaondoa mkono kwenye kitufe.

Je, ni ileile? Hatuwezi kuapa. Lakini safari hii vipimo vyote vimeandikwa katika daftari la kwaya, na nakala ipo kwenye kompyuta. Tunawasihi wapiga vinanda na walimu wetu: mnachokijua, kiandikeni mkiwa bado nasi.

Leo mtaisikia sauti hiyo katika wimbo wa kuwakumbuka waliotutangulia. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao.